Mjadala: Maofisa wa Kiingereza waliposhinikiza mageuzi kwa ukoo wa Al Busaid Zanzibar, walimtumikia nani?

MWANAFUNZI WA VUGA

Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninafungua mjadala ambao najua hautamfurahisha kila mmoja, lakini nimechoka kusoma maandishi yanayodai kwamba Mwingereza aliikuta Unguja ina utawala uliokamilika, kisha akauharibu kwa makusudi. Maoni yangu ni kinyume chake. Kila hatua ya maana ya mageuzi ya utawala katika dola ya Al Busaid, ukoo wa masultani wa Zanzibar, kuanzia mwaka 1891 hadi uchaguzi wa kwanza wa mwaka 1957, ilipatikana kwa sababu palikuwa na ofisa wa Kiingereza aliyemkalia Sultani mpaka akakubali.

Mwaka 1891 Gerald Portal, aliyekuwa Balozi wa Kiingereza, alitenganisha mapato ya nchi na mapato ya mtawala, akamwekea Seyyid Ali bin Said posho maalumu, na akamweka Lloyd Mathews kuwa waziri wa kwanza wa serikali ambayo sasa ilikuwa na makadirio ya mapato na matumizi. Kabla ya hapo hapakuwa na hazina ya nchi, kulikuwa na mfuko wa mtu mmoja. Ukaja mwaka 1897 utumwa ukaondolewa nguvu ya sheria, ukaja mwaka 1926 yakaundwa mabaraza, na mwaka 1957 wananchi wakapiga kura. Swali langu ni hili: kuna anayeweza kunionyesha hatua hata moja kati ya hizo ambayo ukoo ule ungeichukua wenyewe bila ya kushinikizwa?

MJUKUU WA MALINDI

Waalaykum salaam. Nilitaka kunyamaza, lakini maneno "mfuko wa mtu mmoja" yamenichoma na siwezi kuyaacha yapite. Mfuko huo unaoudharau ndio uliovuta maji kwa mabomba kutoka Chemchem hadi mjini wakati wa Seyyid Barghash, maji ambayo wakaazi wa mji huu waliyateka bila ya kulipa. Mfuko huo ndio uliojenga Beit al-Ajaib mwaka 1883. Leo unaniambia kwamba nchi haikuwa na hazina kwa kuwa hapakuwa na karani wa Kizungu wa kuziandika hesabu?

Tena tuangalie Portal alifanya nini hasa. Alimwekea Sultani posho, ni kweli, lakini fedha zilizobaki hakumkabidhi mwananchi wa Unguja wala wa Pemba. Alizikabidhi kwa Mathews, ambaye aliwahi kuwa luteni katika jeshi la majini la Uingereza, na ambaye tangu siku hiyo alimsikiliza Balozi kuliko alivyomsikiliza Sultani. Mtawala aliyekuwa na mamlaka juu ya mapato ya nchi yake alifanywa mpokea mshahara, na sisi wajukuu tunaambiwa tushukuru kwa kuwa jambo hilo limepewa jina la mageuzi. Na kama ni mageuzi tunayoyataka, tukumbuke kwamba hati ya mwaka 1897 ya kuuondolea utumwa nguvu ya sheria ilitiwa saini na Seyyid Hamud bin Muhammed. Haikutiwa saini na Malkia Victoria.

BINTI WA MKOKOTONI

Sheikh wangu wa Malindi, mengine yote ningekuachia, lakini hilo la saini silikubali. Seyyid Hamud aliwekwa kwenye kiti mwezi Agosti 1896, siku ileile ambayo manowari za Kiingereza ziliipiga mizinga kasri kwa sababu Seyyid Khalid bin Barghash alikuwa ameingia bila ya ridhaa ya Balozi. Mizinga ile haikulia hata saa nzima, na watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Miezi michache baadaye, mwezi Aprili 1897, mtawala aliyewekwa kwa njia hiyo analetewa hati atie saini. Wewe unataka tuihesabu saini hiyo kuwa ni hisani ya ukoo wake?

Na hati yenyewe ilisema nini? Fidia ilikwenda kwa mabwana. Aliyelima, aliyechuma karafuu na aliyebeba magunia hakulipwa kitu. Masuria waliachwa nje ya hati ile kabisa, isipokuwa aliyeweza kuthibitisha kwamba anatendewa ukatili, na walibaki hivyo mpaka mwaka 1909. Mimi ninatoka kwenye tumbo la mwanamke wa namna hiyo, mama yake bibi yangu, na katika ukoo wetu hakuna anayekumbuka kwamba mwaka 1897 ulikuwa na tofauti yoyote kwake. Kwa hiyo anapotokea mtu akaniambia kwamba Sultani ndiye aliyetukomboa, au akatokea mwingine akaniambia kwamba ni Mwingereza, wote wawili wananikosea kwa kiwango kimoja.

MZEE WA WETE

Watoto wangu, nawasalimu. Ninaona mjadala umehamia kwenye mwaka 1897, nami sina ubaya na hilo, kwa sababu mwaka huo unalijibu swali la awali vizuri kuliko mnavyodhani.

Mnazungumza kana kwamba maofisa wa Kiingereza waliokuwa hapa walikuwa upande mmoja na ukoo wa Sultani upande mwingine. Haikuwa hivyo. Arthur Hardinge, aliyekuwa Balozi wakati huo, pamoja na Mathews mwenyewe, walikuwa miongoni mwa watu waliosita sana juu ya kufuta utumwa kwa haraka. Waliogopa kwamba mashamba ya mikarafuu yatakosa watu, ushuru wa karafuu utaanguka, na serikali waliyoijenga itakosa fedha za kujiendeshea. Shinikizo lilitoka London, kwa watu wa jumuiya za kupinga utumwa na kwa wabunge waliokuwa wakiuliza maswali kila mara kwa nini bendera ya Uingereza inalinda nchi yenye watumwa. Maofisa walipobanwa na wakubwa wao ndipo nao wakambana Sultani, na walipombana, waliiandika hati kwa namna ambayo ingewaumiza wenye mashamba kwa kiasi kidogo iwezekanavyo.

Ndiyo maana uhuru haukutolewa kwa wote siku moja. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuudai, na akishaupata alitakiwa aonyeshe kwamba ana makazi na ana njia ya kujipatia riziki, la sivyo angehesabiwa kuwa mzururaji. Kwa mtu ambaye nyumba yake na kiwanja chake cha mihogo vilikuwa juu ya ardhi ya bwana wake, sharti hilo lilikuwa na maana moja tu, kwamba abaki palepale na aendelee kumfanyia kazi bwana yuleyule. Hapa Pemba wengi walibaki hivyo. Mwanafunzi wa Vuga anauliza kama ukoo ungejigeuza wenyewe. Mimi namuuliza kama maofisa anaowasifu wangegeuza chochote bila ya wao pia kushinikizwa na wakubwa wao.

MJUKUU WA MALINDI

Mzee wetu wa Wete ameeleza vizuri, na nitarudi kwenye maelezo yake, lakini kwanza nina neno na dada wa Mkokotoni. Mimi sikusema kwamba Sultani alimkomboa mtu. Nilisema saini ilikuwa yake. Wewe umechukua neno moja ukalifanya hoja ya kunionyesha kwamba mimi ni mtetezi wa utumwa, na hilo ni tusi ambalo sikustahili. Wazee wangu hawakuwa na shamba wala mtumwa, walikuwa mafundi wa majahazi. Kila Mwarabu wa Unguja akitajwa siku hizi huhesabiwa kuwa alikuwa na mikarafuu elfu na watumwa mia, wakati wengi wao, hasa Wamanga waliokuja kwa msimu, walikuwa wachuuzi wa maduka madogo shamba, waliolala juu ya magunia ya bidhaa zao.

Halafu mnasahau kwamba ukoo huohuo ulishinikizwa kabla ya Hamud kuzaliwa kisiasa. Mwaka 1873 John Kirk alimwambia Seyyid Barghash kwamba asipofunga soko la watumwa, kisiwa kitazingirwa na manowari. Soko likafungwa, na pale Mkunazini likajengwa kanisa. Ninakubali kwamba soko lile lilistahili kufungwa. Ninachokataa ni kumwita mtu mwenye mizinga mwalimu wa maadili, hasa mtu ambaye miaka 17 baadaye aliichukua nchi nzima kuwa himaya yake.

BINTI WA MKOKOTONI

Sikukuita mtetezi wa utumwa, na aliyesoma nilichoandika anaona. Lakini angalia ulivyofanya: nimekutajia masuria walioachwa nje ya hati kwa miaka 12, na jibu lako ni kwamba wazee wako walikuwa mafundi wa majahazi. Mambo hayo mawili hayana uhusiano. Wanawake wale walifungiwa nje kwa makubaliano ya pande mbili mnazogombania sifa. Maofisa walisema kwamba kuwaachia masuria kutavunja nyumba na kuwagusa watoto wa mabwana, na mabwana walisema hivyohivyo. Katika jambo hilo Balozi na kasri walikuwa na kauli moja, na hakuna aliyemshinikiza mwenzake.

MWANAFUNZI WA VUGA

Ndugu zangu, ninaomba turudi kwenye mada. Nimekubali kuusikiliza mwaka 1897 kwa kuwa una uzito wake, lakini swali lilikuwa juu ya mageuzi ya utawala. Hebu tuangalie mwaka 1926. Mwaka huo ndipo lilipoundwa Baraza la Kutunga Sheria na Baraza la Utendaji. Kabla ya hapo amri ilitoka kasri au kwa Balozi Mkaazi, mwakilishi mkuu wa Uingereza hapa, na mwananchi hakuwa na pahala pa kusikilizwa. Seyyid Khalifa bin Harub, ambaye ninamheshimu kama wanavyomheshimu wazee wote waliomwona, alikuwa amekaa kwenye kiti tangu mwaka 1911 bila ya kuwa na baraza la namna hiyo. Huwezi kuniambia kwamba hiyo haikuwa hatua.

MZEE WA WETE

Ilikuwa hatua, lakini tuulize ilielekea wapi. Katika mabaraza yale mawili, Sultani aliwekwa kuwa mwenyekiti wa Baraza la Utendaji, na Balozi Mkaazi akawa mwenyekiti wa Baraza la Kutunga Sheria. Maofisa wa serikali walikuwa wengi kuliko wajumbe wengine, kwa hiyo hakuna hoja ambayo ingepita wao wasipoitaka. Wajumbe 6 wasiokuwa maofisa wote waliteuliwa, hakuchaguliwa hata mmoja, na waligawanywa kwa makabila: Waarabu 3, Wahindi 2 na Mzungu 1. Mwafrika hakuwemo. Mwafrika wa kwanza, Sheikh Ameri Tajo, aliteuliwa mwaka 1946.

Ninamwomba mwanangu wa Vuga alifikirie jambo hilo kwa utulivu. Miaka 20 ilipita, na katika nchi ambayo walio wengi walikuwa Waafrika na Washirazi, baraza la kutunga sheria halikuwa na mtu wao. Aliyeteua wajumbe hakuwa Sultani peke yake. Ushauri wote ulipitia kwa Balozi Mkaazi, na ushauri huo haukuwa wa kukataliwa. Maofisa waliokuwa na uwezo wa kumlazimisha mtawala aachie hazina yake walishindwaje kumlazimisha akubali mjumbe mmoja kutoka Makunduchi au Micheweni? Hawakushindwa. Hawakutaka, kwa sababu waliiona Zanzibar kuwa ni nchi ya Kiarabu iliyo chini ya ulinzi wao, Mwarabu awe mwenye ardhi na madaraka ya chini yake, Mhindi awe mfanyabiashara, Mwafrika awe kibarua. Huo ndio uliokuwa mpango wa utawala wao, na mabaraza ya mwaka 1926 yaliandikwa ili kuulinda.

Na tukifika miaka ya hamsini, mambo yanapinduka kabisa. Mwaka 1954 waliokuwa wakidai uchaguzi wa orodha moja ya wapiga kura, bila ya kugawanya watu kwa makabila, walikuwa viongozi wa Jumuiya ya Waarabu kupitia gazeti lao la Al-Falaq. Jibu la serikali lilikuwa kuwashitaki viongozi wa jumuiya kwa uchochezi. Wajumbe wa Kiarabu wakasusia Baraza la Kutunga Sheria kwa zaidi ya mwaka mmoja. Balozi Mkaazi John Rankine alikuwa na mapendekezo yake mkononi, nayo yalikuwa ya kuongeza wajumbe wa kuteuliwa, bado kwa makabila: Waarabu 4, Waafrika 4, Wahindi 3, Mzungu 1. Sasa niambieni, katika shauri hilo nani alikuwa akishinikiza mageuzi na nani alikuwa akiyachelewesha?

KIJANA WA NG'AMBO

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma kila neno lako na nimenufaika, lakini hapo mwisho umenigusa pabaya. Umeiweka Jumuiya ya Waarabu katika nafasi ya wapigania demokrasia, nami siwezi kulikubali bila ya kuuliza waliidai demokrasia hiyo kwa hesabu gani.

Waliidai kwa sababu waliona wakati bado uko upande wao. Walikuwa na shule, walikuwa na magazeti, walikuwa na watu waliosoma Cairo, na walijua kwamba mashamba yalijaa watu waliowategemea kwa ardhi ya kuishi. Waliamini kwamba uchaguzi ukifanyika mapema, watauingia wakiwa mabwana na watatoka wakiwa serikali ya nchi huru. African Association, jumuiya ya Waafrika, ndiyo iliyoomba mambo yaende taratibu, na ilikuwa na haki ya kuogopa. Na jambo la kususia unalolitaja kwa upole, mzee wangu, lilikuwa na damu ndani yake. Sultan bin Ahmed Mugheiri, Mwarabu mwenzao aliyekubali kurudi barazani, aliuawa mwaka 1955. Hilo nalo ni sehemu ya historia ya kudai uchaguzi.

Halafu Walter Coutts akaletwa kutoka Kenya mwaka 1956, akapendekeza viti 6 vya kuchaguliwa kwa orodha moja, kwa wanaume tu, kwa masharti ya umri, ya kusoma na kuandika, na ya mali au kipato. Masharti yale yalimpendelea nani, kama si mtu wa mji? Na bado, Julai 1957 Hizbu, yaani chama cha Zanzibar Nationalist Party cha Sheikh Ali Muhsin, hawakupata hata kiti kimoja, na hapa kwetu Ng'ambo Sheikh Abeid Amani Karume alimshinda Sheikh Ali Muhsin kwa kura nyingi. Watu waliokuwa hawajui kuandika hotuba walijua kuhesabu.

MJUKUU WA MALINDI

Kijana, mtu huwezi kuijua nia yake kwa kuitazama kabila yake. Hizbu yenyewe haikuanzia kwa matajiri wa mjini. Mbegu yake ilikuwa chama cha wakulima wa Kiembesamaki, waliojiita raia wa Sultani, na watu wale walikuwa wanakijiji wenye ugomvi wao na serikali ya Kiingereza, hasa juu ya chanjo ya ng'ombe na ardhi yao. Unawatoa wakulima hao wote katika historia ili ibaki hadithi ya bwana na mtumwa peke yake. Na mauaji ya Sheikh Sultan bin Ahmed yalikuwa uhalifu wa watu, hayakuwa sera ya jumuiya nzima. Usitie damu shingoni mwa kabila.

KIJANA WA NG'AMBO

Sikutia damu shingoni mwa kabila. Nimemtaja mtu mmoja aliyeuawa, kwa sababu kila tunapoanza mazungumzo haya, damu inayoruhusiwa kutajwa ni ya mwaka 1964 tu. Mimi nataka zitajwe zote, na ya mwaka 1961 pia, ambapo watu 68 walikufa katika fujo za uchaguzi wa Juni na wengi wao walikuwa Waarabu. Unaona kwamba ninaitaja hata ile inayouumiza upande wangu.

MTOTO WA PEMBA, MASKATI

Ninawasoma kutoka Maskati, ambako mazungumzo haya huendelea kwa Kiswahili katika majumba mengi kila Ijumaa. Naomba niongeze mfano kutoka Ghuba, kwa sababu unasaidia kuona kwamba Zanzibar haikuwa peke yake.

Mwaka 1923 huko Bahrain, maofisa wa Kiingereza walimwondoa madarakani Sheikh Isa bin Ali Al Khalifa, aliyekuwa ametawala tangu mwaka 1869, na wakamweka mwanawe Hamad kuendesha nchi. Meja Clive Daly, ofisa wa Kiingereza mjini Manama, alikuwa amekusanya malalamiko ya wakulima wa Baharna, Washia wenyeji wa Bahrain, waliotozwa kodi na kudhulumiwa na watu wa ukoo wa mtawala. Malalamiko yale yalikuwa ya kweli. Baada ya hapo yakaja mageuzi ya forodha, ya mahakama, ya uchimbaji wa lulu na ya kodi. Mwaka 1926 akaletwa Charles Belgrave, ambaye kabla ya hapo alikuwa ofisa wa utawala Tanganyika, akakaa mshauri wa mtawala mpaka mwaka 1957. Miaka ya hamsini, wananchi wa Bahrain wa Sunni na Shia walipoungana wakadai bunge la kuchaguliwa, mshauri huyohuyo alikuwa upande wa kuwanyima.

Hapo ndipo ninapoona kufanana. Mtawala akiwa mkaidi, dhuluma ya ukoo wake inakusanywa katika majalada na kusomwa hadharani. Akishakuwa mtiifu, majalada yanafungwa. Mkulima wa Baharna alisaidika kidogo, sikatai, lakini dhuluma yake ilitumika kama ufunguo, na mlango ulipofunguka aliyeingia hakuwa yeye.

MWANAFUNZI WA VUGA

Ndugu yangu wa Maskati, umesema mwenyewe kwamba malalamiko yalikuwa ya kweli na kwamba mkulima alisaidika. Kwangu mimi hilo linatosha. Mimi sikudai kwamba Daly au Portal au Coutts walikuwa mawalii. Nimedai kwamba waliwalazimisha watawala kufanya mambo ambayo wasingeyafanya, na kila mmoja wenu amenipa mfano mpya huku akijidhania ananipinga. Lililoniuma ni kwamba mnazungumza kana kwamba kumtaja Mwingereza kwa jema moja ni kuisaliti nchi. Babu yangu aliwahi kupiga kura mwaka 1957. Alijivunia kura ile mpaka anaingia kaburini, na sioni kwa nini nimwambie marehemu kwamba kura yake ilikuwa hila.

KIJANA WA NG'AMBO

Hakuna aliyesema kura ya babu yako ilikuwa hila, Mungu amrehemu. Hila ilikuja baadaye, katika kuigawa nchi majimbo. Januari 1961 palikuwa na majimbo 22, chama cha Afro-Shirazi cha Karume kikapata 10, Hizbu 9, na Zanzibar and Pemba People's Party 3, serikali ikashindikana kuundwa. Likaongezwa jimbo moja, uchaguzi ukarudiwa Juni. Julai 1963, katika majimbo 31, Afro-Shirazi walipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote na viti 13. Wenzao wawili kwa pamoja walipata viti 18 na wakapewa serikali. Majimbo yale yalikatwa chini ya macho ya maofisa haohao tunaoambiwa kwamba walikuja kutufundisha kuhesabu sauti za wananchi. Tarehe 10 Disemba 1963 wakashusha bendera, wakaondoka, wakamwacha Seyyid Jamshid bin Abdullah na serikali ambayo walio wengi hawakuichagua. Haikumaliza siku 40.

MJUKUU WA MALINDI

Sheria ya viti ndiyo hiyohiyo inayotumika Uingereza kwenyewe, na huko pia chama hupata kura nyingi kikakosa serikali. Afro-Shirazi waliingia katika uchaguzi ule wakiijua sheria. Unachokitafuta, kijana, ni sababu ya kuhalalisha yaliyowapata watu wetu Januari 1964, na mimi sitakusaidia kuitafuta. Na dada wa Mkokotoni naye namwona amenyamaza tangu alipopata alichokitaka. Nyote wawili mnazungumza kama kwamba mtu akilitetea jina la Seyyid Khalifa, basi anataka kiti cha Sultani kirudishwe Forodhani.

BINTI WA MKOKOTONI

Sikunyamaza kwa kuwa nimepata nilichokitaka, nilikuwa nikisoma. Na kwa kuwa umenitaja, nitakujibu wewe na ndugu wa Vuga kwa pamoja.

Sikudhanii kwamba unataka kiti kirudishwe. Seyyid Khalifa alikuwa mtu mpole, wazee wetu wa shamba walimwita baba, na upole wake haukuwa wa kuigiza. Lakini alikaa juu ya kiti kile kwa miaka 49, na katika miaka hiyo palikuwa na mambo aliyoweza kumwambia Balozi Mkaazi bila ya kuogopa manowari yoyote, kwa sababu Mwingereza alilihitaji jina lake kuliko yeye alivyoihitaji bendera yao. Angeweza kusema kwamba barazani hayumo mtu wa shamba. Kama aliwahi kulisema kabla ya mwaka 1946, halikuzaa kitu. Na wewe ndugu wa Vuga, unayesema kwamba kila mageuzi yalitokana na ofisa aliyemkalia mtawala, mzee wa Wete amekuuliza tangu mapema nani alimkalia mtawala kwa ajili ya Mwafrika katika ile miaka 20, na hujamjibu. Umemjibu ndugu wa Maskati kuhusu Bahrain, umetusimulia habari za babu yako, lakini miaka ile umeiruka. Mwanamke wa kwetu aliachwa nje ya hati mpaka mwaka 1909, baba yake aliachwa nje ya baraza mpaka mwaka 1946, na yeye mwenyewe aliachwa nje ya sanduku la kura la mwaka 1957 kwa kuwa ni mwanamke. Nionyeshe ofisa aliyeshinikiza kwa ajili yake katika mwaka wowote kati ya hiyo, umtaje na cheo chake, nami nitaendelea kuzungumza nawe juu ya Portal na hesabu zake.